Gemu gani imekushika saivi mpaka usingizi unakimbia? Na kwa nini hiyo na si nyingine?

#1 mshale_wa_ilala

Wakuu habari za jioni.

Niko wiki ya tatu na Elden Ring kwenye PS4 ya mtumba niliyonunua kwa jamaa aliyekuwa anahama mji, na nimekwama kwa Margit, yule wa mapembe na fimbo anayekusubiri ukitaka kuingia ngome ya Stormveil. Nimekufa kwake mpaka nimeacha kuhesabu. Jana nimemfikisha nusu ya uhai nikajua leo ndio leo, akachomoa nyundo ya mwanga akaruka nayo juu, nikafa. Nikakaa kimya kama dakika mbili hivi halafu nikabonyeza kuanza tena. Hiyo ni saa nane usiku na asubuhi nina zamu.

Sasa hii gemu haina sehemu ya kuchagua rahisi au ngumu, wote tunakula kipigo kilekile, haikwambii uende wapi, hadithi yake unaiokoteza kwenye maelezo ya silaha na vikorokoro, na bado nikiwa kwenye daladala namuwaza Margit. Mimi nasema kinachonishika ni ugumu. Gemu isiyokupa ushindi wa bure, siku ukishinda ule ushindi unakuwa wako kabisa. Zile rahisi nimemaliza nyingi na sikumbuki hata moja.

Semeni na nyie mnacheza nini saivi, na mnadhani nini hasa kimewashika.

#2 Kibopa Mstaarabu

Nafasi hii ni yangu. Red Dead Redemption 2. Nakuja na maelezo nikitoka kazini.

#3 bibi_shamba_njombe

Mimi niko Stardew Valley kwenye simu, mwaka wa pili, msimu wa masika. Na hapo hapo napinga hoja ya mtoa mada. Stardew haina ugumu wowote wa kukutoa jasho, unalima, unamwagilia, unavua samaki, unawapelekea majirani zawadi, saa nane usiku unaanguka umelala. Lakini nikisema "siku moja tu nizime" najikuta nimecheza mpaka siku ya 28 msimu unaisha. Kilichonishika ni kuona kitu kinakua. Basi. Leo umepanda, kesho kimechomoza, keshokutwa kina majani.

Na kingine kinachonigusa, ile gemu yote kaitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, picha kachora yeye, muziki katunga yeye, hadithi kaandika yeye, miaka kama minne hivi kajifungia mpaka ikatoka 2016. Nikiisikiliza ile miziki ya masika huku nikijua ni mkono wa mtu mmoja napata heshima fulani moyoni.

#4 baharia wa mkwaju

Dada wa #3 uko Njombe kweli na viazi viko nje ya dirisha halafu unalima kwenye simu 😂

#5 bibi_shamba_njombe

@baharia viazi vya nje vinataka miezi mitatu na zaidi, mbolea na dua, na mvua ikizidi ukungu unamaliza shamba lote. Vya Stardew ni siku 6 na ukungu hakuna. Nalima vyote na vyote navipenda.

#6 Fundi Selemani wa Pedi

Mshale, kwanza nikusaidie kwa Margit halafu tubishane.

Unakufa kwa sababu unabingirika mapema. Yule alitengenezwa makusudi kuwaadhibu wenye haraka. Anainua fimbo, anaiacha juu, wewe umeshabingirika umesimama, ndio anashusha. Usiangalie mkono unapoinuka, subiri mpaka fimbo ianze kushuka ndio ubonyeze. Siku mbili tu utaona amekuwa kama mtu anayekuchezesha kwaito na wewe umeshajua mdundo.

Pili, kuna jamaa anaitwa Patches kwenye pango la Murkwater anauza kifaa kinaitwa Margit's Shackle kwa rune 5,000 (rune ndio hela ya mle), ukikitumia mwanzoni mwa pambano kinamfunga chini sekunde kadhaa. Tatu, nje ya mlango wa ukungu kuna alama ya kumwita mchawi Rogier akusaidie. Na la mwisho, kwani nani kakwambia lazima umpige sasa? Geuza farasi nenda kusini Weeping Peninsula, safisha kule kote, ongeza Vigor (uhai wako), rudi baadae. Ndio maana nasema sio ugumu unaokushika mkuu, ni uhuru. Gemu ngumu zipo nyingi na watu wanaziacha. Hii ukikwama mlango mmoja dunia nzima iko nyuma yako imekaa inakusubiri.

#7 mshale_wa_ilala

@Fundi asante sana, hiyo ya Patches nilikuwa sijui kabisa, na nilishapita pale nikamuua 🙆🏾‍♂️

#8 Fundi Selemani wa Pedi

Aisee. Huyo huwa anaomba msamaha ukimfikisha nusu, ukimwacha ndio anafungua duka. Basi bado una Rogier. Ila ukimuua kuna kitu anadondosha, Bell Bearing, wapelekee wale bibi mapacha kule Roundtable Hold na wao watakuuzia bidhaa zake.

#9 baharia wa mkwaju

Nyie endeleeni na mapembe. Mimi nacheza PES 6 mpaka kesho, kwenye PS2 ileile. Kuna kibanda kimoja Tanga tulikuwa tunalipa kwa mechi, mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha, na mstari wa watoto unafika mpaka kwa muuza mihogo. Ukichukua Inter una Adriano, nguvu ya shuti 99, ukivuka tu nusu ya uwanja unapiga na kipa anaokota wavuni. Ilifika mahali Inter ikapigwa marufuku pale kibandani, imeandikwa ukutani kwa mkaa.

Kilichonishika? Utoto wangu uko mle ndani. Nikisikia ule muziki wa menyu nasikia na harufu ya mihogo.

#10 Mgosi_74

Adriano wa 99 si alikuwa PES 5?

#11 baharia wa mkwaju

PES 6 mgosi, ya 2006. Ndio ile Chelsea inaitwa London FC na Liverpool inaitwa Merseyside Red kwa sababu leseni hawakuwa nazo. Arsenal na Man U tu ndio walikuwa na majina yao.

#12 Mgosi_74

Nimekumbuka. London FC! Kuna dogo mtaani kwetu alikuwa anajua Chelsea ndio jina lake halisi hilo, akabishana na mjomba wake mpaka redio ikatangaza matokeo. Af nyie mnaosifia Inter mlikuwa hamjui Master League. Unaanza na kina Castolo, Minanda, Ximelez, Ivarov golini, wachezaji ambao duniani hawapo, unawapandisha daraja. Castolo mimi namjua kuliko wachezaji wengi wa kweli niliowahi kuona.

#13 binti_kisauni

Hamjambo, salamu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi wote na naona hakuna aliyetaja Tales of Kenzera: Zau nikashangaa sana wajameni.

Niko nayo wiki hii, mara ya pili. Imetoka Aprili 2024, imetengenezwa na Surgent Studios ya Abubakar Salim, yule muigizaji Muingereza mwenye asili ya Kenya, ndiye aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017. Hadithi ni ya kijana Zau ambaye baba yake amefariki, anamwita mungu wa mauti Kalunga wafanye mapatano: akimletea roho kubwa tatu, babake arudishwe. Unakuwa na barakoa mbili, ya jua unapigana karibu kwa moto, ya mwezi unapiga kwa mbali, unabadilisha katikati ya pigo na mwili wote wa Zau unageuka rangi. Salim mwenyewe alifiwa na babake na gemu yote ni maombolezo yake.

Lakini sio hiyo iliyonishika. Nilienda kwenye mpangilio wa sauti nikaona KISWAHILI. Sauti, sio maandishi tu. Nikaweka. Nikamsikia kijana kwenye gemu akimwita "Baba". Nimecheza magemu tangu nina miaka saba, nimesikia Kijapani, Kihispania, Kirusi, na sikuwahi hata siku moja kusikia gemu kubwa hivi ikiniongelesha lugha tunayoongea jikoni. Marehemu babangu nilimwita hivohivo. Nilisimamisha gemu nikaenda kukaa barazani.

Kwaiyo kwangu mimi ni lugha. Ugumu unausahau, lugha yako ikikukuta mahali usipoitarajia huisahau.

#14 Kibopa Mstaarabu

@binti_kisauni pole kwa msiba dada hata kama ni wa zamani. Hii naitafuta leoleo.

Sasa na mimi nimetoka kazini. RDR2. Arthur Morgan ni binadamu. Hicho tu ndio kimenishika. Unamwogesha, unamnyoa ndevu, farasi wake usipomlisha anachoka, ukipita kambini watu wanakusalimia kulingana na ulichofanya jana. Jioni moja nilikaa tu pale kambini nasikiliza wenzangu wanaimba kwenye moto, sikubonyeza kitu karibu nusu saa. Na pale anapoambukizwa kifua kikuu na yule mzee Downes aliyeenda kumdai hela, anamkoholea usoni, na wewe wakati huo hujui kitu unaona ni misheni ndogo tu ya kudai deni...

#15 Mgosi_74

KIBOPA!!! Mimi niko sura ya pili!!!

#16 Kibopa Mstaarabu

Samahani sana mgosi. Gemu ni ya 2018 nikajua wote tumeshavuka huko.

#17 nesi_wa_zamu

Ngoja niongezee hapo kwa sababu hii ndio kazi yangu, ninatoa dawa za TB kituoni (Mgosi ruka comment hii). Nilimwona mdogo wangu akicheza hiyo sehemu nikamwambia Mungu wangu huyu kaka ameshapata. Ila kitabibu gemu imeharakisha. Wengi wanaoingiwa na vimelea hawaugui kabisa, mwili unavifungia, na anayeugua mara nyingi ni baada ya miezi mingi au hata miaka. Arthur ameugua upesi, ingawa hali ile ya kulala nje kwenye baridi, kula vibaya na kukosa usingizi inasaidia ugonjwa kupanda.

Kilichoniuma ni mwaka. Hadithi ya gemu inatokea 1899. Daktari Koch wa Ujerumani alishakitambua kimelea tangu 1882, kwaiyo daktari wa Saint Denis, ule mji wa kwenye gemu, anajua kabisa anachokiona, lakini dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, ilipatikana 1943. Leo hii Arthur ningemwandikia dawa za miezi 6 akameza, akapona, akaenda zake. Nilikaa nikawaza hivyo nikamaliza kuicheza mwenyewe mpaka mwisho, mimi ambaye sikuwahi kushika pedi.

#18 mshale_wa_ilala

@nesi_wa_zamu hii comment yako nimeisoma mara mbili. Asante.

#19 Mgosi_74

Nimeisoma. Sikuweza kuruka. 😭

#20 Mpemba wa Maskati

Assalaam aleykum. Mimi hizi za kukimbia na kurukaruka siziwezi, kwangu ni Civilization VI tu kwenye laptopu, nipo Muscat kwa kazi na siku ya mapumziko ndio siku yake.

Kwa asiyejua, unaanzisha taifa miaka 4000 kabla ya Kristo unalifikisha mpaka zama za roketi, zamu kwa zamu. Sasa mle ndani kuna miji inayojitegemea na mmoja wao ni ZANZIBAR. Ukiwa na mabalozi wengi pale kuliko wenzio unapata mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo hazipatikani kwingine kokote kwenye ramani, na watu wako wote wanafurahi. Pia kuna Kilwa Kisiwani, iliingia na nyongeza ya Rise and Fall 2018, unaijenga kama moja ya maajabu ya dunia, lazima iwe ufukweni, na ukiimaliza unapewa mabalozi watatu papo hapo. Kwaiyo mimi mpango wangu kila mechi ni mmoja: najenga Kilwa, mabalozi wote nawapeleka Zanzibar. Nimeshinda na nimeshindwa, mpango sibadilishi.

#21 binti_kisauni

Mpemba mbona husemi karafuu ni ya kwenu Pemba wakaandika Zanzibar 😄

#22 Mpemba wa Maskati

Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Karafuu nyingi inatoka Pemba, hilo kila mtu anajua isipokuwa waliotengeneza gemu. Ila nimewasamehe, kwa sababu mara ya kwanza nilipoona neno Zanzibar kwenye skrini niko ugenini, nilimpigia mama simu.

Nakubaliana nawe kuhusu lugha. Nadhani ni kujiona. Mtu anataka ajione kwenye kitu.

#23 Fundi Selemani wa Pedi

Hapo nakataa kwa heshima. Kama ni kujiona, mbona Mshale yuko Ilala anahangaika na ngome ya mawe na farasi mwenye pembe? Mbona watoto wa Kijapani hawaachi mpira wa PES wa akina Castolo?

#24 mwana_lubumbashi

Bonjour ba ndugu. Nilisoma hii maneno ya Zau. Nataka tu kusahihisha: Kalunga pale imewekwa mungu wa mauti, lakini kwa Bakongo hiyo kalunga ni ule mpaka wenyewe, maji yenye kutenganisha bazima na bafu. Sio mutu. Mwenye kutengeneza alichota huku na huku kwa Bantu wote akatunga yake, na mimi sioni ubaya. Alipoweka mpaka ukawa mutu mwenye kutembea na kijana njia yote, ilinigusa sana.

#25 binti_kisauni

@mwana_lubumbashi sikulijua hilo. Sasa naicheza mara ya tatu, kwa macho mengine.

#26 Kibopa Mstaarabu

Swali kwa binti, Zau ina ugumu gani? Nina mtoto wa miaka kumi nataka tucheze naye.

#27 binti_kisauni

Unaweza kupunguza ugumu wa mapigano kwenye mpangilio hata katikati ya gemu. Shida ni sehemu za kuruka, kuna mahali unakimbizwa na ukikosea hatua moja unarudi mwanzo wa kipande. Mwachie yeye hapo, watoto wana vidole vyepesi. Ila kaa karibu naye kwenye mazungumzo ya baba.

#28 dogo_wa_vidunda

mi nacheza gta san andreas kwenye simu nimekwama ile misheni ya treni na big smoke yani huyu mtu anapiga risasi hewani mda wote hapigi hata mmoja jamani nisaidieni wiki nzima sasa

#29 baharia wa mkwaju

Karibu kwenye ukoo dogo. Hiyo misheni babu zako tuliililia 2004. Usiisogelee treni. Ingia reli ya kulia, achia nafasi kati yako na treni, Big Smoke akiwa mbali kidogo anapata pembe ya kuwalenga wale wa juu. Ukimpeleka chini kabisa ya treni ataipiga bati tu.

#30 Mgosi_74

Na usevu kabla! Mimi PS2 yangu memori kadi ya MB 8 ilifutika nikiwa nimeshafika Las Venturas. Nikaanza upya Grove Street, na mara ya pili ilinoga kuliko ya kwanza. Bado sijui kwa nini. Labda ndio jibu la mada, labda unachokipenda ni njia umeshaijua.

#31 bibi_shamba_njombe

Mgosi hapo umegusa. Mwaka wa pili Stardew ni mtamu kuliko wa kwanza. Najua tarehe 13 ya masika kuna sikukuu ya mayai, nakuwa nimeshaweka akiba ya kununua mbegu za strawberry, zile wanauza siku ile tu kwa 100. Mwaka wa kwanza nilizipanda usiku uleule nikavuna mara mbili tu msimu ukaisha. Safari hii niliziweka kabatini tangu mwaka jana nikazipanda tarehe mosi.

#32 Fundi Selemani wa Pedi

Kwaiyo ni akili, sio kukua kwa mimea. Unafurahi kwa sababu umejifunza. Ndio yaleyale ya Margit.

#33 bibi_shamba_njombe

Hapana fundi, usinivutie kwako. Nikiamka asubuhi nazikuta nyekundu, nafurahi kabla sijafikiria chochote.

#34 mzee_wa_betri_mbili

Vijana mimi nacheza Tetris, kile kigemu cha mkononi cha betri mbili, nilikinunua Kariakoo zamani hizo watoto wakiwa wadogo. Hakina hadithi, hakina lugha, hakina mtu. Matofali yanashuka. Mjukuu kanionyesha kuna kijana wa miaka 13 huko Marekani, mwishoni mwa 2023 aliicheza ile ya Nintendo mpaka levo ya 157 ikaganda yenyewe, akawa mwanadamu wa kwanza. Nimelia jinsi yule mtoto alivyoshika kichwa. Sasa hoja zenu zote za lugha na utoto na kifua kikuu zinaingia wapi kwenye matofali?

#35 mshale_wa_ilala

Shikamoo mzee. Swali lako limenikalisha.

#36 mzee_wa_betri_mbili

Marahaba. Kamalize kazi na huyo wa mapembe.

#37 Mpemba wa Maskati

Taarifa ya Ijumaa. Nimekamilisha Kilwa, mabalozi 9 Zanzibar, karafuu inaingia, raia wanacheka. Frederick Barbarossa wa Ujerumani akaja na jeshi akaivamia Zanzibar. Yule kwenye gemu ana nguvu ya ziada akishambulia miji inayojitegemea, nilijua, nilijisahau.

#38 nesi_wa_zamu

Si 1890 Mjerumani alishakubaliana na Mwingereza aiache Zanzibar akapewa kisiwa cha Heligoland? 🙂

#39 Mpemba wa Maskati

Huyu hajausoma mkataba. Nina manowari sita njiani, zamu nane zijazo nitakuwa bandarini.

#40 mshale_wa_ilala

WAKUU. Saa saba na robo usiku. Nimeenda Weeping Peninsula kama alivyosema fundi, siku nne nimesafisha, nimerudi, nimemwita Rogier. Nimeacha kuangalia mkono nikaangalia fimbo. Akaruka na ile nyundo, nikasubiri... nikasubiri... nikabingirika, ikapita mgongoni. Ameanguka!! Nimepiga kelele mama mwenye nyumba kagonga mlango kuuliza kama kuna mwizi.

#41 Fundi Selemani wa Pedi

Hongera sana!! Ukiingia getini usimkubalie yule jamaa akufungulie mlango mkubwa, juu wamepanga mishale. Mwambie unataka njia ya pembeni. Na mle ndani kuna Godrick, ana mikono mingi kuliko unavyotaka.

#42 dogo_wa_vidunda

nimeivuka treni jamani reli ya kulia imefanya kazi asante baharia. sasa kuna misheni ya kindege cha yule jamaa zero inaisha mafuta kabla sijamaliza mnafanyaje hapo